Risala ya Wanawake wa Igowole: Presha Ikiwa Sawa, Swali Lisiishe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Wenyeviti wa vijiji na vitongoji,
Waganga wafawidhi, wauguzi na wakunga wa zahanati na vituo vyetu vya afya,
Viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama na akina baba,



Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kupanda hadi huku kwetu Igowole, Wilaya ya Mufindi, kuadhimisha nasi Siku ya Wanawake. Sisi tunaosoma risala hii ni wachuma chai, wakulima wa mahindi na viazi, wauza mboga sokoni, mama lishe, walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tumekaa, tumejadiliana, na tumekubaliana kwamba mwaka huu tusilete orodha ya kila kitu. Tumeleta jambo moja, ambalo halijawahi kusomwa katika mkutano wa hadhara hapa kwetu: ugonjwa wa tezi ya pituitari kwa mama mjamzito, na njia ndefu iliyopo kati ya mama huyo na upasuaji unaoweza kumwokoa.

Kabla ya kero, tunatoa haki panapostahili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Mwaka huohuo wa 2022 Serikali ilianza kuusambaza mpango wa m-mama nchi nzima, na leo mama akizidiwa anapigiwa simu namba 115 bila malipo na gari linatafutwa. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Mashine za CT-Scan zimefika hospitali za rufaa za mikoa. Haya tumeyaona na tunayashukuru. Tunayoyasema leo ni yale yaliyobaki nyuma ya mafanikio hayo: mama ambaye hafi, lakini anarudi nyumbani na mtoto ambaye yeye mama hawezi kumwona vizuri.

TEZI YENYEWE

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndani ya fuvu, nyuma ya pua na chini ya mahali mishipa ya macho inapopishana, ipo tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere. Uzito wake ni kama nusu gramu. Tezi hiyo ndiyo inayoziamuru tezi nyingine: ya shingoni, zilizo juu ya figo, na vifuko vya mayai vya mwanamke. Ndiyo pia inayotoa prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa ya mama.

Mimba ikiingia, tezi hii hunenepa. Hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu inajiandaa kunyonyesha. Shida huja pale ambapo tayari ilikuwa na uvimbe. Uvimbe huo kwa kawaida si saratani, lakini nafasi ni finyu, na ukikua unasukuma mishipa ya macho iliyo juu yake. Mama huanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni, kulia na kushoto, huku mbele akiona sawasawa. Kwa sababu hiyo hachelewi kulalamika kwa uzembe. Anachelewa kwa kuwa hajui kinachopotea.

Uvimbe ulio mwingi zaidi ni ule unaotoa prolaktini kupita kiasi. Mwanamke mwenye uvimbe huo huacha kuona siku zake, hukosa kushika mimba, na maziwa humtoka bila kuwa na mtoto. Aina nyingine huifanya miili yetu izalishe homoni ya kotisoli kwa wingi: uso unavimba na kuwa wa duara, tumboni inatoka michirizi ya zambarau, ngozi inachubuka kwa kuguswa tu, presha na sukari vinapanda. Ugonjwa huo kitabibu unaitwa kwa jina la Harvey Cushing, daktari wa Marekani aliyeeleza habari zake mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa mjamzito ni nadra sana, na mara nyingi chanzo chake huwa ni tezi za juu ya figo kuliko hii ya kichwani. Lakini ukiwepo, humweka mama na mtoto katika hatari kubwa, na hufanana mno na presha ya mimba ya kawaida.

Tunajua litakuja swali: wagonjwa hao ni wangapi hata tusumbue mkutano? Utafiti uliofanywa Liège, Ubelgiji, na kuchapishwa 2006, ulikuta mtu mmoja kati ya 1,064 ana uvimbe wa tezi hii unaomletea madhara. Thuluthi mbili walikuwa wanawake, na thuluthi mbili ya uvimbe wote ulikuwa wa prolaktini. Mkoa wetu wa Iringa, kwa Sensa ya 2022, una watu 1,192,728. Kama hali yetu inakaribiana na ya wenzetu wale, basi wagonjwa wa aina hii mkoani ni zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wako wapi? Wako mashambani, sokoni na jikoni, na wengi wanaitwa majina mengine.

KERO YA KWANZA: PRESHA IKIWA SAWA, SWALI LINAISHA

Tunaomba tuseme habari za mwenzetu mmoja. Ametupa ruhusa, kwa sharti kwamba tusimtaje jina, wala tusitaje kituo alikohudumiwa, kwa sababu hatukuja hapa kumshtaki muuguzi yeyote.

Mwenzetu huyu ni mchuma chai. Alikaa muda mrefu bila kuona siku zake, na maziwa yanamtoka. Daktari mmoja mjini alimpima, akamwandikia vidonge vya bromokriptini. Vidonge vikafanya kazi. Siku zikarudi, mimba ikaingia. Akaambiwa aache dawa. Maelekezo hayo ndiyo ya kawaida, kwa kuwa wengi wenye uvimbe mdogo, usiofika milimita 10, humaliza mimba zao bila tatizo, na ni wawili au watatu tu kati ya mia ambao uvimbe wao husumbua. Lakini wenye uvimbe mkubwa, ambao hawajawahi kufanyiwa upasuaji, hatari yao hufika wawili na zaidi kati ya kumi. Yeye alikuwa wa kundi lipi? Hakuna aliyejua, maana kichwa chake hakikuwahi kupigwa picha. Wala hakuambiwa ni dalili gani zikimjia akimbie hospitali.

Mimba ilipokomaa kidogo, kichwa kikaanza kumuuma, juu ya macho, asubuhi na jioni. Kliniki wakampima presha: iko sawa. Wakapima mkojo: hauna protini. Akapewa panadoli. Mwezi uliofuata akasema macho yanafifia. Presha: iko sawa. Mkojo: safi. Akaambiwa ni uchovu wa mimba, apumzike. Nyumbani akawa anagonga bega kwenye kizingiti cha mlango. Shambani akawa haoni mkono wa jirani yake wa mstari wa pili. Siku moja alikanyaga barabarani na bodaboda ikampitia mguuni, na watu wakamlaumu kwamba hakutazama. Alikuwa ametazama.

Alipofika hospitali yenye bingwa, mimba ilikuwa katika mwezi wa nane. Madaktari walimrudishia dawa, wakamwangalia kwa karibu na wakaharakisha uzazi. Mtoto yupo, ana afya. Jicho la kushoto la mama yake halikurudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wauguzi wetu wamefundishwa vizuri kwamba kichwa na macho kwa mjamzito ni dalili za kifafa cha mimba, na wanapima wanavyotakiwa. Kero yetu ni kwamba kipimo kikikataa, uchunguzi unakwisha hapo. Maumivu ya kichwa yasiyokoma na macho yanayofifia, kwa mama ambaye presha yake haijapanda, yanapaswa kuwa sababu ya kuendelea kuuliza. Je, aliwahi kukaa bila hedhi kabla ya mimba? Je, maziwa yalimtoka bila mtoto? Je, aliwahi kunywa vidonge vya kupunguza prolaktini? Je, anaona pembeni?

Na kupima pembeni hakuhitaji mashine. Muuguzi anakaa uso kwa uso na mama. Mama anafunga jicho moja, anamtazama muuguzi puani, na muuguzi analeta kidole taratibu kutoka upande. Asipokiona kidole mahali ambapo muuguzi mwenyewe anakiona, jibu limepatikana. Ni dakika chache, na gharama yake ni sifuri.

KERO YA PILI: MAZIWA YASIYO NA MTOTO NA LAWAMA ZISIZO NA USHAHIDI

Kwetu huku mwanamke asiyeshika mimba anaambiwa ana chango. Maziwa yakimtoka, maneno yanakuwa mabaya zaidi. Mume anauliza mimba hiyo iliyotoa maziwa ilikwenda wapi. Mama mkwe anadai kuna mtoto aliyezaliwa akafichwa. Mganga wa kienyeji anasema kuna mkono wa mtu. Hela ya mbolea inaishia kwa mganga, na miaka inakwenda.

Kipimo cha prolaktini ni cha damu. Dawa zake, bromokriptini na kabagolini, ni vidonge vya kumeza, na kwa wagonjwa wengi hupunguza homoni na kusinyaza uvimbe bila kisu chochote. Maana yake ni kwamba wengi wa dada zetu hawahitaji upasuaji hata kidogo, iwapo watagundulika kabla ya kubeba mimba. Kila mmoja anayetibiwa mapema kwa kidonge ni mmoja aliyepunguzwa kwenye foleni ya mpasuaji. Lakini kipimo hicho katika zahanati zetu hakipo, na wanaoambiwa wakakitafute mjini hawaambiwi kwa nini, hivyo wengi hawaendi.

KERO YA TATU: NGAZI ZA RUFAA NA KALENDA YA MIMBA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ndipo penye uzito wa risala yetu.

Wapo wajawazito wachache ambao dawa haiwatoshi. Ni yule ambaye macho yanaendelea kufifia hata baada ya kurudishiwa vidonge. Ni yule mwenye uvimbe wa kotisoli unaomharibia presha na sukari. Ni yule ambaye uvimbe umevuja damu ghafla ndani ya fuvu, akaumwa kichwa kisichoelezeka, akatapika, akaanza kuona vitu viwili viwili; huyo anahitaji kwanza sindano ya haidrokotisoni, kisha bingwa, siku hiyohiyo.

Kwa hawa upasuaji upo. Haufungui fuvu. Daktari anapita puani kwa kifaa chembamba chenye kamera na kuutoa uvimbe kupitia sakafu ya fuvu. Njia ya puani ilijaribiwa kwa mara ya kwanza na Hermann Schloffer huko Innsbruck, Austria, mwaka 1907, na leo ndiyo njia kuu ya upasuaji wa tezi hii duniani. Na hatuhitaji kuota safari ya India: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, inafanya upasuaji wa ubongo na hutoa uvimbe wa tezi hii kupitia puani.

Lakini upasuaji kwa mjamzito una majira yake. Katika miezi mitatu ya kwanza viungo vya mtoto vinaumbwa na mimba huweza kutoka. Katika miezi mitatu ya mwisho uchungu huweza kuanza kabla ya wakati. Kwa hiyo madaktari wakiweza kuchagua, huchagua miezi mitatu ya kati, takriban kuanzia wiki ya 14 hadi ya 27. Na huyo mama hafanyiwi na mpasuaji peke yake. Anahitaji bingwa wa ubongo, bingwa wa pua, bingwa wa homoni, bingwa wa uzazi, mtaalamu wa usingizi anayejua kumlaza kwa kumwegemeza kushoto ili mfuko wa uzazi usibane mshipa mkubwa wa damu, daktari wa macho, na daktari wa watoto wachanga aliye tayari.

Sasa tazama ngazi zetu. Mama anaanzia zahanati. Anapelekwa kituo cha afya. Kutoka hapo ni hospitali ya Mafinga. Kutoka Mafinga ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Iringa mjini, kama kilomita 80. Kutoka hapo ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mafinga upande mwingine kabisa, au ni Muhimbili, kama kilomita 500 kutoka Iringa, kwa kuteremka Kitonga na kuvuka Mikumi. Kila ngazi ina karatasi yake, foleni yake, na siku yake ya kliniki ya bingwa. Kila ngazi inarudia kumpima presha na kuanza historia upya. Anatoka hapa anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Kule anaambiwa mashine ina foleni. Kwingine bingwa amesafiri.

Wengi wetu huanza kliniki mimba ikiwa imeshavuka miezi mitatu ya kwanza, ingawa Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio manane, la kwanza likiwa kabla ya wiki ya 12. Mama aliyeanza kliniki katika mwezi wa nne, akapoteza mwezi mmoja kwa panadoli na miwili kwa karatasi za rufaa, anafika kwa mpasuaji akiwa amekwisha kuvuka wiki ya 27. Hapo madaktari wanabaki na machaguo mawili magumu: kumpasua katika wakati wa hatari, au kumzalisha mtoto ambaye hajakomaa. Mfumo wa rufaa umepangwa kwa mgonjwa anayeweza kusubiri. Mimba haisubiri.

KERO YA NNE: KADI INAISHIA PALE UGONJWA UNAPOANZA

Kadi ambayo wengi wetu tumeizoea ni ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Imetusaidia sana. Lakini matibabu yake yalianzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Hapo ndipo safari ya mgonjwa wa pituitari inapoanzia: picha ya MRI, bingwa wa homoni na mpasuaji wa ubongo vyote viko juu ya mkoa. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito atibiwe bila malipo, lakini akifika kwenye picha na vifaa vya upasuaji, ndugu wanaanza kuuza ng'ombe na miti.

Nauli haihesabiwi popote. Malazi ya msindikizaji hayahesabiwi. Wala hayahesabiwi malipo ya siku ambazo mama hakuchuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku za ugonjwa pia zimo ndani yake. Kibarua anayelipwa kwa kilo za siku hiyo anaisikia sheria hiyo redioni. Akikosa siku mbili kwenda Iringa kupimwa, anarudi na kukuta mstari wake wa chai umepewa mwingine. Ndiyo maana akipewa panadoli anaona amepata nafuu ya haraka kuliko rufaa.

KERO YA TANO: TEZI INAYOKUFA KWA KUKOSA DAMU

Kero hii ni ya upande wa pili wa tezi hiyohiyo, na huku vijijini huenda ndiyo inayotugusa zaidi. Kwa kuwa tezi imenenepa wakati wa mimba, inahitaji damu nyingi. Mama akimwaga damu nyingi wakati wa kujifungua, damu haiifikii, na sehemu yake au yote hufa. Daktari Harold Sheehan wa Uingereza alieleza jambo hili mwaka 1937, na ugonjwa ukapewa jina lake. Katika nchi ambako kila uzazi una mkunga, damu na dripu, umekuwa nadra. Kwetu bado una nafasi.

Mama huyo anapona. Watu wanamshukuru Mungu. Lakini maziwa hayatoki hata tone, hedhi hairudi, nywele zinanyonyoka, nguvu zinamwishia, na anahisi baridi kupita wenzake. Hapa Mufindi, Mheshimiwa, sote tunahisi baridi. Nani atamtilia maanani? Anaitwa mvivu. Miaka inapita, kisha malaria au homa ndogo inamwangusha ghafla, kwa sababu mwili wake hauna kotisoli ya kupambana. Tiba yake ni vidonge vya kila siku, vya kundi la predinisoloni au haidrokotisoni kwanza, kisha vya homoni ya tezi ya shingo. Ni dawa za bei ndogo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza mwanamke: ulipojifungua ulimwaga damu? Na maziwa yalitoka?

Kinga ipo pia. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania katika hospitali 80 na kuchapishwa 2023, ulionyesha kwamba kuikinga damu ya mzazi kwenye mfuko wenye alama za vipimo, na kuanza tiba zote kwa pamoja mara damu inapozidi, kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Baadhi ya walioshiriki utafiti ule ni Watanzania wenzetu. Tunaomba matunda yake yapande milima yafike Igowole.

MADAI YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kero hizo tunadai yafuatayo:

1. Wauguzi na wakunga wote wa kata yetu, na wa Nyololo, Mtwango na Sawala, wafundishwe kupima uwezo wa kuona pembeni kwa kidole, na kipimo hicho kifanywe kwa kila mjamzito anayelalamika kichwa au macho, hata kama presha yake iko sawa. Tunaiomba Halmashauri ianze ndani ya mwaka huu wa fedha. Jambo hili halihitaji bajeti ya mashine.

2. Maswali manne yaongezwe katika mahojiano ya kliniki ya kwanza: hedhi iliyopotea kabla ya mimba, maziwa bila mtoto, dawa za kupunguza prolaktini, na kumwaga damu katika uzazi uliopita.

3. Hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na kipimo cha prolaktini na cha kotisoli, na Bohari ya Dawa ihakikishe bromokriptini au kabagolini inapatikana hapo muda wote. Sindano ya haidrokotisoni isikosekane katika kituo chochote cha afya kinachozalisha.

4. Kila mwanamke anayeanzishwa dawa hizi na anayetaka kuzaa apigwe picha ya kichwa kabla ya kushika mimba, na apewe karatasi ya Kiswahili inayoeleza dalili za kumrudisha hospitali mara moja.

5. Iwepo rufaa ya moja kwa moja kwa mjamzito anayepoteza uwezo wa kuona. Daktari wa Mafinga awe na mamlaka ya kumpigia simu bingwa wa kanda au wa taifa na kumtuma bila kupita kila ngazi, na picha ya MRI ifanyike ndani ya wiki moja. Picha hiyo haitumii mionzi ya eksirei na kwa mjamzito hufanywa bila dawa ya kung'arisha.

6. Wanaopokea simu ya 115 waelekezwe kwamba kichwa cha ghafla chenye kutapika na kuona viwili viwili, au macho yanayofifia kwa mjamzito, ni dharura.

7. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Tunadai kitita chake kwa mjamzito kihusishe picha ya MRI, vipimo vya homoni, dawa na upasuaji wa tezi hii, pamoja na nauli ya mama na msindikizaji mmoja. Isiwe kadi mpya yenye mpaka uleule wa zamani.

8. Hospitali ya Kanda ya Mbeya, ambayo tayari inahudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini na ina Kitengo cha Wazazi cha Meta, ijengewe timu kamili ya mabingwa kwa ajili ya wagonjwa hawa. Madaktari vijana wapelekwe kusomea homoni na upasuaji wa kupitia puani kwa sharti la kurudi kufanya kazi Mbeya na Iringa.

9. Ofisi ya kazi iwakague waajiri wote wa vibarua mashambani, na siku ya mjamzito kwenda kliniki au rufaa isiwe sababu ya kumnyang'anya kazi.

10. Vyumba vya kujifungulia vyote vya kata viwe na mifuko ya kupimia damu na dawa za kuzuia damu, na akiba ya damu salama Mafinga isikauke.

AHADI YETU

Hatukuja na mkono mmoja wa kupokea tu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Igowole watauliza maswali yale manne nyumba kwa nyumba kuanzia sasa, bila kusubiri waraka. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vimekubaliana kutenga fungu la nauli ya rufaa kwa mjamzito, mwanachama na asiye mwanachama. Tutachangia damu kila watu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama watakapofika. Na tumewaomba viongozi wa dini na akina baba waseme hadharani, kuanzia leo, kwamba mwanamke anayetokwa na maziwa bila mtoto apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwa mganga, na mume wake aende naye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala hii imepigwa chapa nakala tatu: moja tunakukabidhi wewe, moja ni ya Mganga Mkuu wa Wilaya kupitia kwa Mtendaji wa Kata, na moja inabaki kwetu. Tunaomba majibu ya maandishi, dai kwa dai, likielezwa linalowezekana, lisilowezekana na sababu yake. Mwakani, siku kama ya leo, tutaisoma nakala yetu tena hapa uwanjani, tukitaja lipi limetekelezwa na lipi halijatekelezwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanawake wa Kata ya Igowole,
Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa.